Dada Aliyekatwa Titi, na Jibu Baya Nililompa Mimi Imamu

Bismillahi Rahmani Rahim.



Leo naandika jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulitaja msikitini. Naomba usilipite haraka. Kama una mke, dada, binti au mama, jambo hili ni lako, hata kama leo nyumba yako ina afya. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2022 peke yake wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Hawa si watu wa mbali. Ni wale tunaowaombea dua baada ya swala ya Ijumaa, tukaambiwa tu "mgonjwa wetu", bila ugonjwa kutajwa.

Nianze na kosa langu.

Miaka kadhaa nyuma, baada ya darsa la Isha, alinisubiri mama mmoja pale mlango wa akina mama, yuko na mwanawe mdogo. Akaniambia, "Sheikh, nina swali la aibu." Nikamwambia dini haina aibu katika kuuliza. Akasema amekatwa titi la kushoto kwa saratani, amemaliza matibabu, na hospitali wamemwambia upo upasuaji wa kulirudisha. Je, inafaa?

Nilimjibu kwa muda mfupi kuliko wa kuvaa viatu. Nikasema huko ni kubadilisha maumbile ya Allah, asubiri, malipo yake yako Akhera. Akasema, "Sawa, sheikh." Akamshika mwanawe mkono, akaondoka. Sikumuuliza hali ya nyumbani kwake. Sikufungua kitabu. Sikusema maneno ambayo hata mwanafunzi wa madrasa anafundishwa kuyasema: sijui, nipe muda niulize.

Nilikosea. Na niliyemkosea hakuwa na wa kumrudia, kwa sababu aliamini kwamba nililosema mimi ndilo dini ilisemalo.

JE, SHERIA INASEMAJE?

Hadithi niliyoitegemea ni sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.). Lakini nilichukua nusu yake. Ndani yake wametajwa wanawake wanaochonga meno kuacha mwanya kwa ajili ya urembo. Hilo neno, kwa ajili ya urembo, ndilo nililoliruka. Wanazuoni wamelisimamia miaka yote: kinachokatazwa ni kuchezea umbo zima kwa kutafuta uzuri. Aliyekatwa kiungo kwa ugonjwa akataka kukirudisha, yeye habadilishi umbo. Anaondoa madhara yaliyomfika.

Na dalili tunayo ya wazi. Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliyya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikaoza na kutoa harufu. Mtume (s.a.w.) akamwamuru ajitengenezee pua ya dhahabu. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Zingatia hapo, ndugu yangu. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume. Lakini kwa ajili ya pua iliyokatwa, Mtume (s.a.w.) hakumwambia "vumilia". Alimtafutia njia.

Pua inaonekana na watu wote, titi limefunikwa, utaniambia. Basi muulize mwenye mwili. Anayelivua nguo ni yeye, anayelioga ni yeye, anayelala na mumewe ni yeye.

Na jambo hili halikuachwa kwa imamu mmoja wa mtaani kama mimi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, lilikaa Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, likajadili upasuaji wa aina hii. Likatenganisha upasuaji wa kutafuta urembo tu na upasuaji wa kurekebisha yaliyoletwa na moto, ajali na maradhi. Katika mifano ya linaloruhusiwa, kurudisha titi lililoondolewa limetajwa kwa jina lake. Yaani mama yule aliponiuliza, jibu lilikuwa limeshaandikwa. Aliyekuwa hajasoma ni mimi.

Nilipojua hivyo nikamtafuta. Alikuwa amehama mji. Nilipata namba yake kwa ndugu yake, nikampigia, nikamwambia kwamba jibu langu lilikuwa baya na naomba anisamehe. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Nimesamehe, sheikh. Mimi nimeshazoea. Lakini waambie wengine." Ndiyo sababu ya maneno haya.

SI KILA MWENYE KISU

Sasa nakuja kwenye jambo la pili, na hapa ndipo nataka tukae zaidi. Kusema inaruhusiwa ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni: kwa mkono wa nani?

Mwaka jana mtihani huu ulifika nyumbani kwetu. Mtoto wa dada yangu alikatwa titi, na mimi mjomba wake nikawa wa kufuatana naye kutafuta daktari. Nimejifunza mengi kwenye mabenchi ya hospitali ambayo sikuyapata kwenye vitabu.

Tulikwenda kwanza mahali alipopaona kwenye simu. Picha za kabla na baada, maua mezani, kiyoyozi. Yule bwana akatuambia titi litarudi kama lile la kwanza, hakuna atakayejua. Nikamuuliza, "Daktari, wanawake waliotoka kwenye saratani umewafanyia wangapi?" Akaanza kutuonyesha picha za waliopunguza matumbo. Nikarudia swali. Akasema tukilipa nusu siku ileile atatupunguzia bei. Nikamwambia mpwa wangu, "Mama, tunyanyuke."

Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi ya Amr bin Shu'ayb waliyoipokea Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah, kwamba anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini, yaani analipa madhara atakayoyasababisha. Angalia neno: hajulikani. Haitoshi mtu ajisifu mwenyewe. Lazima ajulikane kwa kazi hiyo, na wa kumjua ni wenzake wa fani, si wanaopenda picha zake mtandaoni.

Basi utamjuaje? Nakuandikia tuliyoyafanya sisi.

1. Anza na daktari aliyetibu saratani. Yeye ndiye anajua kama ugonjwa umetulia, kama bado kuna mionzi mbele, na lini mwili utakuwa tayari. Kwa Tanzania wengi wanapita Ocean Road au hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando. Muulize, "Ungekuwa mkeo, ungempeleka kwa nani?" Na daktari wa kurudisha titi akikataa kuzungumza na daktari wa saratani, ondoka.

2. Uliza cheo chake kwa usahihi. Kazi hii ni ya daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, au daktari wa upasuaji wa matiti aliyesomea kurudisha titi. Udaktari wa jumla hautoshi. Tanzania Bara wapo Baraza la Madaktari Tanganyika, Zanzibar wana baraza lao, na Kenya lipo baraza linaloweka orodha ya madaktari kwenye mtandao. Kipo pia chuo cha COSECSA, makao yake Arusha, kinachotahini mabingwa wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, na upasuaji rekebishi umo. Kumuuliza daktari amesajiliwa wapi si utovu wa adabu. Mwenye haki hakasiriki.

3. Muulize anajua njia ngapi. Kwa ufupi njia ni mbili. Ya kwanza ni kuweka mfuko wa silikoni, mara nyingi baada ya kutanuliwa ngozi pole pole kwa wiki au miezi. Upasuaji wake ni mfupi zaidi, lakini mfuko si wa maisha, huenda ukahitaji kubadilishwa baada ya miaka 10 au zaidi, na kifua kilichopigwa mionzi mara nyingi hakipatani nao: hukaza, huuma, au kidonda kikagoma. Njia ya pili ni kuchukua ngozi, mafuta na pengine msuli wa mwili wake mwenyewe, mgongoni au tumboni, ukahamishiwa kifuani. Huo ni upasuaji wa saa nyingi na una makovu mawili, lakini ni nyama yake mwenyewe, inanenepa na kukonda pamoja naye. Daktari anayejua njia moja tu atakuambia njia hiyo ndiyo inayokufaa. Anayezijua zote atakuambia ipi inakufaa na kwa nini, na ile asiyoifanya yeye atakuelekeza kwa mwenzake.

4. Uliza kuhusu usiku. Ikichukuliwa nyama ya tumbo kwa kukatwa mishipa na kuungwa upya chini ya darubini, mshipa unaweza kuziba katika siku za mwanzo, na ukiziba lazima arudishwe chumba cha upasuaji kwa haraka, la sivyo nyama yote inakufa. Basi uliza: ikitokea saa nane za usiku, nani yupo? Nani anakuja kulitazama kila saa? Wakikuambia "tutakupigia simu asubuhi", hapo si mahali pa upasuaji huo.

5. Sikiliza anachokataa kuahidi. Yule tuliyemchagua mwisho alichukua karatasi akachora. Akasema: halitakuwa na hisia kama la zamani. Huenda yasilingane. Huenda ukarudi mara ya pili au ya tatu. Sukari yako lazima ishuke kwanza. Na kwa sababu umepigwa mionzi, tusubiri miezi ipite ngozi itulie. Mpwa wangu alitoka amenuna, kwa sababu alitaka mwezi uleule. Mimi nilitoka nimetulia. Aliyekutisha kwa ukweli ni bora kuliko aliyekubembeleza kwa uongo.

6. Uliza yanayohusu dini yako, usione haya. Baadhi ya madaktari wakiweka silikoni huizungushia utando mwembamba wa kuishikilia. Utando huo kuna unaotengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, kuna wa ng'ombe, kuna wa ngozi ya binadamu, na kuna wavu wa kiwandani. Usipouliza hutaambiwa. Na katika kutengeneza chuchu, wapo wanaotia rangi kwa sindano kama chale za wino. Ngozi yenyewe inaweza kukunjwa na kushonwa ikawa chuchu, na zipo za kubandika. Aliyetosheka na hizo ameepuka shaka.

DAKTARI WA KIKE AU WA KIUME?

Hapa, akina baba, naomba mnisikilize.

Nimesikia mume akisema, "Mke wangu haguswi na daktari mwanamume. Akipatikana wa kike sawa, asipopatikana basi." Na yeye anaona amesimamia dini.

Baraza lilelile la Fiqhi, katika kikao cha Brunei mwaka 1993, lilipanga jambo hili kwa utaratibu. Atangulizwe daktari bingwa mwanamke Mwislamu. Asipopatikana, daktari mwanamke asiye Mwislamu aliye mwaminifu. Asipopatikana, mwanamume Mwislamu. Asipopatikana, mwanamume asiye Mwislamu. Na sharti zake: aangalie kiasi cha haja tu, ainamishe macho, na pasiwe na faragha, awepo mume, maharimu au mwanamke mwaminifu. Huu utaratibu ni ngazi. Unapanda kidato kwa kidato mpaka ufike kwenye tiba. Wewe umeufanya ukuta.

Na ukimpata daktari wa kike, mche Allah, muulize maswali yale yale sita. Uanamke wake hauondoi haja ya ubingwa. Kuna waliokimbilia kwa mwanamke asiyejua kazi, wakarudi na kidonda, kisha kidonda hicho kikatazamwa na madaktari wanaume wanne. Sitara gani hiyo?

Mtume (s.a.w.) alipohama kutoka Makka, roho yake na ya Abu Bakr (r.a.) zikiwa hatarini, walimkodi mtu aongoze njia, Abdullah bin Urayqit. Mtu huyo wakati ule alikuwa kwenye dini ya Maquraishi. Lakini alikuwa bingwa wa njia za jangwani, na walimwamini, wakamkabidhi ngamia wao wawili na kumpa miadi kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu. Mambo mawili yalitazamwa: ujuzi na uaminifu. Nasi tutazame hayo hayo.

NA ASIYETAKA?

Lipo jambo nililojifunza kwa kukosea upande wa pili. Baada ya kujua kwamba inaruhusiwa, nikawa nahimiza kila mtu. Mama mmoja akanijibu, "Sheikh, mimi nimechoka na visu. Nataka kulea wajukuu." Alisema haki. Kurudisha titi ni ruhusa, si wajibu. Yupo atakayevaa titi la sponji ndani ya sidiria akasitirika, yupo atakayebaki na kifua chake kilivyo. Hakupungukiwa na uanamke wala imani. Wa kuamua ni yeye, baada ya kushauriana na kuswali istikhara, si mume, si mashoga zake, wala si imamu.

Wewe mume, kazi yako ni moja. Allah amewafananisha mke na mume na vazi, kila mmoja amsitiri mwenzake. Basi mke akirudi hospitali na bandeji kifuani, usihamie kulala sebuleni. Msaidie kubeba mirija ya kutolea maji. Mbebee ndoo, maana mkono ule hauinui kitu kizito. Mkumbushe kwamba asipoweza kuosha palipofungwa atapaka maji juu yake au atatayamamu kama alivyoelekezwa, na asipoweza kuinua mikono kwenye takbira aswali anavyoweza. Na ukimpeleka kwa daktari, kaa ndani, andika majibu kwenye karatasi, kwa sababu mgonjwa mwenye hofu hasikii nusu ya anachoambiwa.

Nanyi wenye uwezo: matibabu haya ni ghali na si kila bima inayagusa. Tunachangia mazulia kila mwaka. Zulia ni jema. Lakini yupo dada anayeswali juu ya zulia hilo akiwa ameficha kovu, na nauli ya kwenda Dar es Salaam kliniki hana.

Mtaniuliza habari za mpwa wangu. Alisubiri mionzi itulie, akafanyiwa kwa nyama ya mgongo. Kidonda kilichukua muda kupona, na upande mmoja uko juu kidogo kuliko mwingine. Alirudi mara ya pili wakarekebisha, bado hayalingani sawasawa. Nilimuuliza kama anajuta. Akasema, "Mjomba, daktari aliniambia mapema yatakuwa hivi. Hakunidanganya, kwa hiyo sina la kujuta." Siku ya Idi alivaa gauni alilolishona mwenyewe, mara ya kwanza tangu augue.

Maimamu wenzangu na masheikh wa mitaani, nawaomba kwa unyenyekevu. Mwanamke akikusimamisha mlangoni na swali la mwili wake, amepigana na haya yake siku nyingi kabla ya kufika kwako. Usimjibu ukiwa unavaa viatu. Keti. Ukijua, mwambie. Usipojua, mwambie hujui, kisha muulize anayejua. Allah ametuamrisha tuwaulize wenye elimu, na katika jambo hili wenye elimu ni wawili: mwanachuoni na tabibu.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wasitiri dada zetu, wape madaktari wetu mikono ya uaminifu, na utusamehe tuliojibu bila elimu. Amin.

Kama unamjua dada anayehitaji maneno haya, mtumie faragha, usimtaje hadharani. Na kama wewe ndiye mama yule, na unasoma hapa: nimewaambia wengine, kama ulivyoniagiza.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.